Dada Aliyetusimulia Sinema kwa Mikono

Dada yangu mkubwa alizaliwa hasikii. Hooyo, ndivyo tulivyomwita mama yetu kwa Kisomali, aliligundua hilo siku sufuria ilipoanguka nyuma ya mtoto na mtoto akaendelea kuchezea kamba ya kiatu bila kugeuka. Watu wa Kiwanjani, mtaa wetu pale Isiolo, walimwita bubu. Hawakuwa na ubaya. Ndilo neno walilokuwa nalo, na walimwita hivyo huku wakimpa kipande cha halua. Sisi nyumbani hatukulihitaji neno hilo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyetupa majina. Aabo, baba yetu, alikuwa mikono miwili inayozungusha usukani, kwa sababu alikuwa na lori la kubeba mizigo kwenda Marsabit na Moyale. Hooyo alikuwa vidole viwili kwenye paji la uso, pale alipofungia kitambaa. Mimi nilikuwa kidole juu ya jino la mbele, kwa ajili ya pengo. Jino liliota, nikakua, nikaolewa, nikazaa, na bado kwa dada nilikuwa Pengo.

Miaka ya sabini sinema ilikuja Isiolo kwa gari. Lilikuwa gari la watu waliotangaza sabuni na dawa za mifugo, na lilikuja kiangazi, barabara ilipokuwa kavu. Walisimamisha shuka kubwa jeupe kwenye uwanja, karibu na nyumba zetu, na magharibi ikishaswaliwa watu walianza kumiminika. Alikuja Mmeru muuza viazi, akaja Mborana aliyeleta ng'ombe mnadani, wakaja Waturkana waliotembea kutoka Ngaremara. Mtangazaji alishika kipaza sauti na kueleza yaliyokuwa yakisemwa, lakini kipaza sauti chenyewe kilikwaruza hata hakuna aliyeshika neno. Sote tulibaki kutazama midomo ikitembea. Nadhani ndiyo maana dada aliipenda sana sinema. Pale uwanjani hakuna mtu aliyemzidi.

Kesho yake, adhuhuri ikipita na vyombo vikishaoshwa, wanawake wa mtaa walikuja uani kwetu. Wengi wao hawakuruhusiwa kutoka jioni kwenda kusongamana na wanaume uwanjani. Walitandika mkeka, wakakaa, na jirani yetu aliyeuza anjera, zile chapati laini za Kisomali, mama mnene asiyependa kungoja, akaniambia, "Haya, mwambie aanze."

Sikuwahi kumwambia. Alikuwa ameshaanza.

Nakumbuka sinema moja ya mwizi na askari aliyemfukuza kwa baiskeli. Dada alikuwa mwizi, akageuka akawa askari mwenye tumbo, akawa baiskeli inayoyumba chini ya uzito wa askari, akawa kuku aliyekurupuka mbele ya gurudumu. Hakukimbia hapa na pale. Alisimama mahali pamoja, na kwa kubadilisha bega tu na kope za macho ungejua sasa ni nani. Wale wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha mwizi alipokamatwa na kutazama nyumbani kwake kwa mbali, wakanyamaza, na mmoja akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Mume wa yule muuza anjera alimsikia mkewe akiisimulia sinema ile na kumuuliza aliiona wapi. Akamjibu, "Nimeiona kwa bubu." Ikawa ndiyo kauli ya mtaa. Watu walisema kuna sinema ya uwanjani na sinema ya bubu, na ya bubu ndiyo nzuri.

Jambo moja tulilizoea bila kuliuliza. Jua likizama, dada alikuwa mtu mwingine. Alinishika bega tukienda na tukirudi, na hata hivyo alijikwaa kwenye mawe na kwenye kamba za mbuzi. Shuka la sinema likiwaka aliliona vizuri, lakini mtu aliyekaa kando yake hakumwona. Hooyo alisema ni udhaifu wa damu, akamlisha maini ya mbuzi yaliyobabuliwa kidogo tu motoni. Kila mnada alinunua maini. Macho hayakubadilika.

Shule hakwenda. Habari za shule ya viziwi huko Meru zilitufikia akiwa bado mdogo, na Aabo alikuwa tayari kumpeleka, ila Hooyo alikataa. "Akiumwa na tumbo huko, nani atajua?" alisema, na mazungumzo yakaisha. Kwa hiyo dada alikua na ishara zile tulizozitunga wenyewe, akiamini, nafikiri, kwamba katika dunia nzima ni familia yetu peke yake inayozungumza kwa mikono.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tunatoka sokoni, mimi nimebeba kikapu, yeye kamshika kuku. Mbele ya duka moja palikuwa na lori dogo lililoleta madawati ya shule, na wanaume wawili waliokuwa wakishusha walikuwa wakibishana kwa mikono. Dada alisimama katikati ya barabara. Lori la mchanga lilipiga honi nyuma yetu, mimi nikamvuta, naye hakuvutika. Kisha akanipa kuku, akaenda moja kwa moja hadi kwa yule mrefu, akamgusa kifuani, akajigusa sikio, akangoja.

Yule mrefu alikuwa fundi seremala. Alisoma ile shule ya Meru na sasa alifundisha useremala huko huko. Ishara zake zilikuwa za shule, za dada zilikuwa za nyumbani, na mwanzo hawakuelewana hata kidogo. Yeye alionyesha kitu, dada akatikisa kichwa. Dada akaonyesha kitu, yeye akakuna kidevu. Basi dada akaacha kuzungumza, akaanza kuigiza. Alimwigizia Aabo siku lori lilipokwama kwenye laga, mto mkavu wa mchanga, njia ya Marsabit: taniboi, msaidizi wake, anachimba, Aabo anatukana, mzee abiria amekataa kushuka kwa sababu amelipa. Fundi aliketi juu ya dawati akicheka kicheko kikubwa kisichokuwa na mpaka, na watu wa dukani wakatoka kutazama.

Mwalimu mmoja mwanamke, anayesikia, alikuwa amekuja na madawati yale. Yeye na fundi ndio waliofuatana nasi nyumbani siku hiyo.

"Habari mama," alimsalimu Hooyo.

"Nzuri. Karibu chai. Huyo mtu mrefu ni bwana yako?"

"Hapana, mama. Ni mwenzangu shuleni. Hasikii, kama binti yako."

Hooyo alimtazama fundi kwa muda mrefu, mtu mzima mwenye shati safi na funguo mfukoni. Sijui aliwaza nini. Alimmiminia chai kwanza, kabla ya mgeni mwingine yeyote.

Fundi alikuwa na kamera ndogo ya sinema, ya kutiwa ufunguo kama saa, aliyoachiwa na mwalimu mmoja mzungu aliyerudi kwao. Yeye na rafiki zake viziwi walikuwa wakitengeneza filamu fupi, visa vya dakika chache: mtu na punda wake, mchumba aliyekosea nyumba. Mwalimu alieleza kwamba wana wenzao Nairobi na Mombasa wanaofanya vivyo hivyo, na wanataka kukusanya filamu zote hizo zionyeshwe siku moja, pamoja na michezo ya jukwaani, na kwamba fundi sasa hataki siku hiyo iwe Meru. Anataka iwe Isiolo, na anataka dada awemo.

"Sinema haina sauti?" Hooyo aliuliza.

"Haina, mama."

"Basi huyu wangu amekuwa akiitengeneza siku zote," Hooyo akasema.

Walimpiga filamu uani kwetu na kando ya barabara ya Ngaremara, pale akina mama wa Kiturkana walipouza makaa. Kisa chenyewe kilikuwa cha mwanamke anayemshawishi ngamia asimame. Ngamia hakuwepo, dada alikuwa wote wawili. Nilikuwa nimeshika mwavuli kumkinga fundi na jua, na ndiyo maana niliona uso wake ulipobadilika. Alikuwa amemrushia dada kitambaa kutoka upande, wakidaka na kurudisha kama walivyozoea kufanya mapumzikoni. Kitambaa kilimpiga shavuni. Akarusha tena, kikampiga tena. Fundi akaweka kamera chini. Alimwendea, akamfanya atazame pua yake, kisha akapeleka kidole kwa kando, taratibu, akimwomba aseme anapokiona. Kidole kilikaribia pua ndipo dada akakionyesha.

Mwalimu aliniuliza, "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Haoni pembeni. Tulikuwa na mtoto wa namna hii shuleni. Mpelekeni kwa daktari wa macho."

Tulimpeleka kwenye hospitali ya wamisheni, mimi na Hooyo. Daktari alimulika macho yake kwa muda, akatuuliza kama wazazi wetu ni ndugu. Hooyo akamwambia ni binamu, mmoja mtoto wa kaka, mwingine wa dada, kwani ni vibaya? Daktari akasema si vibaya, ila wakati mwingine mtoto huzaliwa na kitu ambacho familia yote ilikibeba bila kujua. Masikio na macho ya dada vilikuwa ugonjwa mmoja. Kwanza huondoka giza, alisema, yaani uwezo wa kuona gizani, kisha pembe, kisha duara linazidi kuwa dogo. Hooyo akauliza dawa. Daktari akatikisa kichwa.

Dada alikuwa ameketi kati yetu akitutazama mmoja mmoja. Nje, chini ya ukuta wa hospitali, alinishika mkono. Anasema nini?

Ishara zetu zilikuwa za chai, za lori, za mbuzi aliyepotea, za mtu mchoyo. Hatukuwa tumetunga ishara ya jambo hili. Niliweka mikono yangu miwili machoni kama mtu anayechungulia kwenye bomba, nikaanza kuifunga polepole mpaka ngumi zikakutana.

Akanionyesha mimi: wewe?

Nikatikisa kichwa. Nikamgusa.

Alisimama hapo, watu wakipita na mikeka ya wagonjwa wao. Aliitazama mikono yake pande zote mbili. Halafu akauliza ile siku ya sinema ni lini.

Aabo ndiye aliyekataa. Alirudi kutoka Moyale na vumbi mpaka kwenye kope, akala, akasikiliza habari za macho, akatoka akasimama karibu na lori lake kwa muda. Aliporudi ndipo Hooyo alipomwambia habari za jukwaa.

"Hiyo hapana," alisema. "Msichana yangu asimame mbele ya wanaume achezecheze? Watu watasema nini?"

"Watu wamekuwa wakisema tangu azaliwe," Hooyo akamjibu. "Wewe uko safari, mimi ndio nasikia. Sasa kuna watu wanataka kumwangalia kwa heshima. Anao macho kidogo yamebaki. Mwache awaone wakimwangalia."

Siku iliyofuata Aabo alipakia mizigo kama kawaida, na kabla hajawasha injini alisema tu kwamba avae buibui juu ya nguo, na kwamba yeye atakuwa amerudi Jumamosi ile ya sinema.

Ilikuwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa mji. Madirisha tuliyaziba kwa magunia na mablanketi ili filamu ionekane. Walikuja viziwi kutoka Meru kwa basi la shule, walikuja wengine kutoka Nanyuki, na walikuja wa kwetu ambao hata hatukujua wapo: kijana mchungaji kutoka upande wa Kipsing aliyeletwa na mjomba wake, mzee wa Kiturkana, bi arusi mmoja wa Kiborana ambaye mumewe alikaa karibu naye akiwa na wasiwasi. Ukumbi ulijaa mikono. Sisi tunaosikia tulikaa kwenye viti vya pembeni kama wageni kwenye harusi ya watu tusiowajua, tukicheka baada ya wenzetu kucheka, tukiulizana kuna nini.

Filamu zilionyeshwa moja baada ya nyingine, mashine ikinguruma bila mtu wa kuisikia isipokuwa sisi. Filamu ya dada ilipofika nilimtazama yeye badala ya shuka. Aliweza kuona kipande tu kwa wakati mmoja, kama mtu anayetazama chumba kupitia tundu la kufuli. Kichwa chake kilizunguka polepole, akiutafuta mkono wake, kisha uso wake, kisha kivuli chake mchangani, akijikusanya. Alipoupata uso wake aliacha kuzungusha kichwa.

Halafu mablanketi yakashushwa, mwanga ukaingia, naye akapanda jukwaani. Fundi alikuwa amepigilia kamba sakafuni karibu na ukingo, ili unyayo wa dada uijue. Aliwaigizia lori na laga. Nilikuwa nimekiona kisa hicho mara nyingi uani, lakini hakuwahi kukifanya hivyo. Alimfanya Aabo kijana, akamfanya amechoka, akamfanya anaogopa usiku utaingia na mizigo ya watu iko mchangani. Alipomaliza, viziwi hawakupiga makofi. Walitoa leso, vitambaa, vilemba, wakavipunga juu ya vichwa vyao, ukumbi mzima, ili aone. Dada alizungusha uso wake kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila haraka, kwa sababu ilibidi aone kila upande peke yake.

Aabo alikuwa nyuma, karibu na mlango. Alikuwa amevua kofia yake ya swala na kuinua mkono. Sijui kama duara la macho ya dada lilimfikia. Baadaye nilimuuliza dada, akasema watu walikuwa wengi.

Haikufanyika siku nyingine kama ile Isiolo. Watu walitaka, mwalimu alitaka, lakini shule ilibadilisha wakuu, na basi likakosa mafuta, na kisha ukaja ule ukame mkubwa wa themanini na nne na hakuna aliyezungumza habari za sinema. Aabo alibeba mahindi ya msaada. Ng'ombe walilala barabarani, hawakuinuka tena. Katika mwaka huo duara la dada lilifungika. Hakutuambia lini. Hooyo aligundua asubuhi moja alipompa kikombe na dada akanyoosha mkono mahali ambapo kikombe hakikuwa.

Tulianza kuzungumza naye kwenye viganja. Alishika mikono yetu na sisi tukafanya ishara ndani ya mikono yake. Ilichukua muda. Sentensi moja ilikuwa kazi, na mtu mwenye chungu motoni hana muda wa sentensi. Jirani wa anjera alikuja, akamsalimia Hooyo, salaam aleikum, aleikum salaam, akamgusa dada begani, akaenda zake. Dada aliniuliza ni nani. Nikamwambia. Akangoja kidogo, akidhani amekaa. Hakuna aliyetandika mkeka tena. Wanawake hawakujua kwamba mtu asiyewaona bado angeweza kuwaigizia, na nafikiri yeye mwenyewe hakujua aigize kwa uso gani wakati nyuso za watu zimeondoka. Alifanya mara moja, Sikukuu ya Idi, akasimama na kuanza, na katikati akageuka akawa anaigiza kuelekea ukutani. Hakuna aliyecheka. Hooyo alimrudisha kwa bega. Hakufanya tena.

Fundi alikuja kumwona alipokuwa na safari. Alikuwa amepata kazi Nairobi. Mara ya mwisho alikaa naye chini pale uani, akachukua mikono yake yote miwili, nami nilisimama nikiwatazama kwa sababu nilielewa ishara. Alimwambia kwamba aliionyesha filamu kwa viziwi wa Nairobi, na mashine ilikwama, na filamu ikisimama mbele ya taa huungua. Imeungua. Hakuna nakala nyingine.

Dada aliacha mikono yake juu ya mikono ya fundi. Kisha akamuuliza: nilikuwa nafanya nini ilipoungua?

Fundi alifikiri. Alimwambia: ulikuwa unacheka.

Mimi niliolewa Nanyuki. Nilirudi kila nilipopata nafasi, na kila mara mikono yake ilikuwa mizito zaidi, kama lugha iliyokaa bila mtu wa kusema nayo. Hooyo alikuwa anazeeka, vidole vyake vinauma baridi ikiingia. Walikuwa wakikaa ukutani pamoja, bega kwa bega, wakiota jua la asubuhi, na mara nyingi hawakusema kitu.

Dada alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, wakati wa mvua. Kilikuwa kifua, na kilimchukua kwa siku chache. Dereva rafiki ya Aabo ndiye aliyeniletea habari, na nilipofika Kiwanjani alikuwa ameshazikwa, kama dini yetu inavyotaka. Hooyo alikuwa naye hospitalini. Nilimuuliza kama alisema lolote.

"Aliniuliza kama ni mchana," Hooyo alisema. "Nikamwambia ni mchana. Akaniuliza kama nimekula."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nimekula."

Siku za tanzia uani palijaa watu. Watoto wa mtaa walikuwa wakizungukazunguka wakingoja mahamri, na nikamsikia msichana mmoja akimuuliza mwenzake ni nani aliyekufa. "Ni ule mama wa ukutani," mwenzake akamjibu. "Yule haoni, hasikii, hasemi." Hawakuwa na ubaya. Walipoanza kupata akili alikuwa tayari ukutani.

Niliinuka. Nilitaka kuwaambia, na nikaona maneno hayatatosha, nikafikiri nitawaonyesha: askari mwenye tumbo, baiskeli, kuku. Niliwaita wakaja wakasimama mbele yangu. Niliinua mikono, nikajaza tumbo, nikayumba kidogo. Walinitazama kwa adabu, jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyefiwa. Nilijaribu kuwa kuku. Mmoja akamtazama mwenzake.

Hooyo alikuwa ameketi karibu na jiko. "Waache hao watoto, mama," aliniambia kwa upole. "Wape chai."

Nikaishusha mikono, nikaenda kutafuta vikombe.